UBAGUZI HUINGIAJE KATIKA MOYO WA MTOTO?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Somo letu la safari hii ni juu ya ugonjwa usio na homa wala kikohozi, unaoingia nyumbani bila ya kubisha hodi, na ambao mwenye kuupata haendi hospitali kwa kuwa hajijui kuwa ni mgonjwa. Ugonjwa huo ni ubaguzi wa kabila na rangi. Na swali tunalotaka kulijibu ni hili: mtoto mdogo, ambaye hata jina lake bado hajaweza kuliandika, huupata wapi ubaguzi huu, na huupata lini?

Aghalabu ya watu hutoa mojawapo ya majibu mawili. Wako wasemao: "Mtoto ni malaika, hajui kitu, mambo ya kabila atayafahamu akishakuwa mtu mzima." Na wako wasemao kinyume cha hayo: "Haya yamo katika damu. Mkisii ni Mkisii, Mjaluo ni Mjaluo, na Mkipsigis ni Mkipsigis, ndivyo walivyoumbwa." Majibu haya mawili, ijapokuwa yanapingana, yanapatana katika jambo moja: yote mawili yanampumzisha mzazi. Wa kwanza anasema hana la kufanya kwa kuwa wakati bado, na wa pili anasema hana la kufanya kwa kuwa wakati umekwisha pita. Sisi tunasema kwamba wote wawili wamekosea, na tutaleta dalili zetu moja baada ya moja.

1. MTOTO HUZALIWA NA NINI?

Kila aliyesoma chuoni anaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Bwana Mtume (rehema na amani zimshukie) alifahamisha kuwa kila mtoto huzaliwa katika umbile lililo safi, kisha wazazi wake ndio wanaompeleka huku au kule. Na Imamu Ghazali, alipoandika juu ya malezi, aliufananisha moyo wa mtoto na kito cha thamani kisichochorwa chochote. Kila kitakachochorwa juu yake hukubali.

Na wataalamu wa zama hizi waliochunguza watoto wachanga wamefikia neno lililo karibu na hilo. Mwaka 2005 ilitangazwa khabari ya uchunguzi uliofanywa Uingereza, ambapo watoto wachanga walionyeshwa picha za nyuso za watu wa rangi mbalimbali. Watoto wa siku chache tu hawakupendelea uso wa rangi yoyote. Lakini watoto wa miezi mitatu waliangalia kwa muda mrefu zaidi nyuso za watu wa rangi ya wazazi wao.

Atakayesikia hayo huenda akasema: "Basi si ndiyo damu hiyo?" La, ngoja kwanza. Mwaka 2006 wataalamu wengine walitoa khabari za watoto wa miezi mitatu wa mafungu matatu: watoto weupe wa Israeli, watoto weusi wa Ethiopia, na watoto wenye asili ya Ethiopia waliozaliwa Israeli na kulelewa mahali wanapoona nyuso nyeupe na nyeusi kila siku. Fungu la kwanza na la pili, kila mmoja alipendelea kuangalia nyuso za watu wake. Ama fungu la tatu, ambalo damu yake ni ile ile ya Ethiopia, halikupendelea upande wowote. Kama jambo hili lingalikuwa la damu, mtoto wa Kiethiopia angaliangalia vile vile popote alipo. Kilichotofautiana ni macho kuzoea.

Na tutanabahi hapa: kuzoea uso si kuuchukia mwingine. Mtoto mchanga hamchukii mtu. Yeye anapanga tu dunia yake, huyu ninamjua na huyu simjui. Ni sisi wakubwa ndio tunaokuja baadaye tukampa sababu ya kumdharau yule asiyemjua.

2. MLANGO WA MASIKIO

Sisi wa Mosocho na jirani zetu wa Oyugis, Rongo na Sotik, sote ni weusi. Mtoto hawezi kumtambua Mkisii, Mjaluo au Mkipsigis kwa rangi ya ngozi. Humtambua kwa nini basi? Humtambua kwa ulimi.

Mwaka 2007 ilielezwa kuwa watoto wa miezi kumi wa Marekani na wa Ufaransa walionyeshwa filamu ya watu wawili, mmoja akisema Kiingereza na mwengine Kifaransa, kisha wote wawili wakawapa vitu vya kuchezea vilivyo sawa. Watoto wa Marekani walichukua zaidi kutoka kwa aliyesema Kiingereza, na wa Ufaransa kutoka kwa aliyesema Kifaransa. Na watoto wa miaka mitano wa Marekani, walipotakiwa kuchagua rafiki, walimchagua mwenye lafudhi ya kwao na kumwacha mwenye lafudhi ya kigeni. Zaidi ya hayo, mwaka 2009 ilidhihirika kuwa watoto weupe walimchagua mtoto mweusi mwenye lafudhi ya kwao kuliko mtoto mweupe mwenye lafudhi ngeni. Yaani katika umri ule ulimi uliishinda ngozi.

Sasa na tujitazame wenyewe. Mtoto wa Mosocho huzaliwa katika Kikisii, hulishwa kwa Kikisii, hutumwa dukani kwa Kikisii, na katika madarasa ya kwanza ya skuli husomeshwa kwa Kikisii. Hapana ubaya wowote katika hayo. Lugha ya mama ni neema, na Qurani katika sura ya Ar-Rum, aya ya 22, inazihesabu ndimi zetu mbalimbali na rangi zetu kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Ubaya ni pale mtoto anapofika miaka sita akawa hajapata kusikia neno la Kijaluo au la Kikipsigis ila katika mzaha, mtu akiigiza lafudhi yao ili watu wacheke. Hapo masikio yake yamefundishwa kwamba ulimi wa jirani ni kichekesho. Na anayechekwa ulimi wake leo, kesho hachelewi kuchekwa yeye mwenyewe.

3. MLANGO WA HESHIMA

Ziko khabari nyingine ambazo zatakiwa zitushughulishe zaidi. Huko Afrika Kusini, watoto wa Kixhosa waliulizwa wachague kati ya asemaye Kixhosa na asemaye Kiingereza. Walimchagua zaidi asemaye Kiingereza, na huku Kixhosa ndicho walichokifahamu vyema. Basi tunajifunza kuwa mtoto hapendelei kilicho chake tu. Huangalia pia nani mwenye heshima duniani: nani mwenye gari, nani anayeamrisha, nani anayesikizwa. Kisha huelekea huko, hata kama kwa kufanya hivyo anajidharau mwenyewe.

Khabari mashuhuri ya jambo hili ni ile ya Bwana Kenneth Clark na mkewe Mamie Clark, Wamarekani weusi. Mwaka 1947 walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto weusi 253, wa miaka mitatu mpaka saba. Kila mtoto alionyeshwa wanasesere walio sawa kwa kila kitu ila rangi, weupe na wa hudhurungi, akaulizwa maswali. Asilimia 67 walitaka kucheza na mwanasesere mweupe. Asilimia 59 walisema kuwa yule wa hudhurungi ndiye mbaya. Kisha wakaulizwa: "Yupi anayefanana nawe?" Thuluthi moja hivi ya watoto hawa weusi walimwonyesha mweupe. Ushahidi wa namna hii ulitajwa Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu ya tarehe 17 Mei 1954 kwamba kutenga skuli za weupe na za weusi ni kinyume cha sheria.

Kwetu Kenya nako, kabla ya Uhuru wa 1963, skuli zilipangwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na kila moja na hali yake. Skuli zile zimeondoka. Lakini je, fikra iliyozijenga imeondoka? Tusikize jinsi tunavyomsifu mtoto aliyezaliwa mweupe kidogo kuliko nduguye, na jinsi tunavyomwambia mweusi sana maneno ya mzaha mbele ya wageni. Mtoto wa miaka minne anasikia. Hana haja ya kuelezwa.

4. MLANGO WA MAJINA

Sasa tumefika mlango ulio mpana kuliko yote.

Mwaka 1997 ilielezwa khabari ya watoto wa skuli huko Marekani waliovishwa fulana za rangi mbili, buluu na manjano. Katika madarasa mengine walimu hawakuzitaja rangi zile. Katika mengine, mwalimu alizitumia kila wakati: buluu wapange foleni hapa, manjano wakae pale. Wala mwalimu hakusema kuwa kundi moja ni bora kuliko jingine, alizitaja tu. Baada ya majuma machache, katika madarasa ambayo rangi zilitajwa, watoto walianza kuona kuwa watu wa fulana yao ni wazuri zaidi. Katika madarasa ambayo hazikutajwa, mwelekeo huo haukujengeka hivyo, na huku fulana walizivaa vile vile.

Basi ndugu zetu, macho kuona tofauti ni jambo moja, na mkubwa kuipa tofauti ile jina na kazi ni jambo jingine. Ikiwa fulana ya kitambaa ilifanya hivyo katika majuma machache, basi jina la kabila, linalotajwa nyumbani asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, litafanya nini?

Na majina yetu hayakukoma katika kutaja tu. Katika Kikisii neno "omoisia" maana yake ni mvulana ambaye bado hajatahiriwa. Ni neno la kawaida kabisa kwa mtoto. Lakini mtu mzima wa kabila jirani, baba mwenye wake na wajukuu, akiitwa kwa jina hilo kwa sababu kabila lake halikuwa na desturi ya tohara, basi neno limekuwa tusi. Na mtoto wetu anayelisikia hujifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba watu wale si watu wazima kamili, na kwamba mtu mzima wao aweza kuvunjiwa heshima na mtoto wa kwetu. Kadhalika msichana asiyekeketwa ametukanwa kwa neno lake, na katika hoja zilizotumiwa kuitetea desturi ile ni kuwa inatutenga na Wajaluo. Tazameni: mwili wa binti mdogo umefanywa kuwa mpaka wa kabila! Na sheria ya nchi ya mwaka 2011 imekwisha kuipiga marufuku desturi hiyo.

Wala Waislamu wa hapa tusijione kuwa tumesalimika kwa kuwa tu wachache. Pwani, kwa miaka mingi, watu waligawanywa kuwa "waungwana" na "washenzi", na mgawanyo ule ulikuja bara pamoja na misafara. Wako hata leo wanaomwona Mkisii aliyesilimu kuwa ni Mwislamu wa daraja ya pili, kwa kuwa babu yake hakutoka Pwani wala Arabuni. Na wako watoto wa chuoni walitumiao neno "kafiri" kama jina la kabila, wakimtupia mwana wa jirani waliyegombana naye kwa ajili ya mpira. Neno la dini limefanywa jiwe la kurushiana. Na upande wa pili, tangu mashambulio ya Westgate ya mwaka 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa ya mwaka 2015, mtoto mwenye kofia au buibui huweza kuitwa gaidi na wenziwe skulini. Mtoto wetu huyo huyo ni mwenye kutupa jiwe na mwenye kupigwa jiwe. Akitambua maumivu ya la pili, itakuwa rahisi kumfahamisha ubaya wa la kwanza.

5. MLANGO WA USO, NA MLANGO WA KIMYA

Atasema mzazi: "Mimi sijapata kumtukana mtu wa kabila jingine mbele ya mwanangu." Alhamdulillahi. Lakini je, uso wako?

Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani waliwaonyesha watoto wa miaka minne na mitano filamu fupi. Ndani yake mtu mmoja alisemeshwa kwa tabasamu na sauti ya upole, na mwengine kwa uso wa kukunja na sauti kavu. Maneno yalikuwa yale yale. Watoto walipoulizwa, wengi walimpenda yule aliyefanyiwa upole. Walimpenda hata rafiki yake, ambaye hawakupata kumwona akitendewa lolote!

Basi mama anayekwenda soko la Daraja Mbili mjini Kisii na mtoto mkononi, akafika kwa muuza samaki wa Kijaluo akaukaza mkono wa mtoto na kusogeza mkoba kifuani, amekwisha kusomesha somo zima bila ya kufungua mdomo. Na baba anayeshusha sauti kila anapopita Mkipsigis naye pia ni mwalimu.

Kisha uko mlango wa kimya. Mtoto huuliza: "Mbona yule anasema vile? Mbona yule ni mweusi sana?" Sisi tukamziba mdomo kwa aibu: "Nyamaza!" Tunadhani tumemfundisha adabu. Lakini tulichomfundisha ni kuwa katika mtu yule mna jambo baya lisilotajika. Na kwa kuwa hakupata jibu kwetu, atalitafuta kwa wenziwe, na huko jibu halikosekani.

Na wakati wenyewe ni mfupi. Mwaka 2011 zilikusanywa pamoja chunguzi 113 za nchi mbalimbali, ikaonekana kuwa kwa jumla ubaguzi wa watoto hupanda tangu utotoni mpaka kati ya miaka mitano na saba, kisha huelekea kupungua kidogo mpaka miaka kumi, na baada ya hapo hali hutegemea zaidi mahali anapoishi na watu alio nao. Yaani yule tunayesema "hajui kitu", ndiye aliye katika kilele chake. Na yule tunayesema "amekwisha kuwa hivyo", bado mlango wake uko wazi.

6. NINI KINACHOPOTEA?

Huenda mtu akasema kuwa haya ni maneno ya watoto, yatapita. Basi na tukumbushane yaliyopita.

Mwanzo wa miaka ya 1990 palikuwa na mapigano ya kikabila katika mpaka wa Borabu na Sotik, baina ya Wakisii na Wakipsigis. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 moto uliwaka tena mahali pale pale, na Wakisii waliokuwa wakikaa Bonde la Ufa na Kisumu walifukuzwa wakarudi huku na vifurushi vichwani. Tume ya Jaji Waki ilihesabu katika Kenya nzima watu 1,133 waliokufa. Waliochoma nyumba zile hawakushuka kutoka mwezini. Wengi wao walikuwa vijana, na kijana wa miaka ishirini wa mwaka 2008 alikuwa mtoto wa miaka minne wakati wa mapigano ya mwaka 1992. Alipokuwa mikononi mwa mama yake aliyasikia majina, na alipopata nguvu akayafanyia kazi.

Na ubaguzi hauwi wa mapanga tu. Huwa wa kalamu pia. Ndugu zetu Wanubi, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kutoka Sudani kuwa askari, na ambao wana mtaa wao hapa mjini Kisii, wametaabishwa kwa miaka mingi kwa kuulizwa uraia wao. Shauri lao lilifika mbele ya Kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto, na mwezi wa Machi 2011 Kamati ikaamua kuwa Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi: haki ya kutobaguliwa na haki ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa. Mtoto hajajua hata kusema "mimi ni Mnubi", na tayari daftari la serikali limekwisha kumbagua.

Na ajabu ni kuwa historia ya ardhi hii yetu inatuhukumu. Mosocho ni katika nchi ya Kitutu, na Kitutu ilikua na kupata nguvu zamani kwa sababu ya kuwapokea watu waliokimbia njaa na vita kutoka kwengine. Waliitwa "abamenyi", yaani wakaaji waliopokewa, wakapewa mahali pa kulima na kujenga. Na hao Wajaluo tunaowacheka, babu zetu walikutana nao katika masoko ya mpakani kabla ya kuja Wazungu: sisi tukipeleka nafaka na majembe ya chuma, na wao wakileta mifugo, chumvi na vyungu. Ni nani basi awezaye kusimama Mosocho akasema kuwa damu yake haikuchanganyika na ya mtu?

7. DAWA

Dini yetu haikutuacha bila ya mwongozo. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na aya ya 13 inatufahamisha kuwa kufanywa mataifa na makabila ni kwa ajili ya kujuana, na kuwa mbora ni mcha Mungu. Sahaba mkubwa Abu Dharri alimtukana mtu kwa sababu ya mama yake, na Mtume akamwambia kuwa bado ana mambo ya ujahili ndani yake. Ikiwa sahaba aliambiwa hivyo, sisi ni nani wa kukasirika tukikumbushwa?

Lakini kusoma aya peke yake hakumtoshi mtoto. Yatupasa tufanye haya:

Kwanza, tumjibu anapouliza. Akisema, "Mbona wanasema vile?" tumwambie: "Hiyo ni lugha ya mama yake, kama Kikisii ni lugha ya mama yako. Njoo tumuulize wanaamkiana vipi." Mtoto wa Mosocho aweza kujua "misawa" ya Wajaluo na "chamge" ya Wakipsigis kama anavyojua "bwakire" ya kwao. Maneno matatu si mzigo.

Pili, majina ya matusi yatoke majumbani mwetu, hata kwa mzaha, na khasa kwa mzaha, maana mtoto hukumbuka zaidi kilichomchekesha. Na tujue kuwa sheria ya mshikamano wa kitaifa ya mwaka 2008 imeyafanya maneno ya chuki ya kikabila kuwa ni kosa.

Tatu, walimu wa skuli na wa chuo wasiwapange watoto kwa makabila wala wasiyatumie makabila kuwatambulisha. "Yule mtoto wa Kinubi" ana jina lake. Aitwe kwa jina lake.

Nne, watoto wachanganywe katika kazi, si katika kukaa tu. Mtaalamu Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kuwa kukutana kwa watu kunaondoa chuki ikiwa wamekutana wakiwa sawa, wana lengo moja, wanasaidiana, na wakubwa wao wameridhia. Na mwaka 2006 zilipokusanywa chunguzi 515, ilionekana kuwa kukutana kwa jumla kunapunguza chuki, na zaidi yakipatikana masharti hayo. Basi timu ya mpira ichanganywe, wala isiwe kabila dhidi ya kabila. Kusafisha kisima na kupanda miti kufanywe na watoto wote wa kijiji, wenye kofia na wasio na kofia.

Tano, mtoto asimuliwe khabari za watu wema wasio wa kwao. Bilali alikuwa Mhabeshi, Salmani Mfursi, Suhaibu aliitwa Mrumi, na wote walikaa safu moja. Na pamoja nao asimuliwe khabari ya jirani wa kabila jingine aliyeificha familia nyumbani kwake siku za machafuko. Wazee waliopita katika siku hizo bado wako, waulizwe.

Sita, na hili ndilo zito. Watoto hawatazami tunavyosema, hutazama tunavyofanya siku ya mtihani. Siku atakapokuja mchumba mwenye dini na tabia njema, lakini si wa kabila letu, ndipo watoto wote wa nyumba watakapojua kama masomo haya yalikuwa ya kweli au ya ubaoni tu. Na kila miaka mitano, zinapokuja siku za kupiga kura, watatusikiliza tena.

MASWALI YA KUJADILIWA DARASANI

1. Nini tofauti ya kuzoea na kubagua? Eleza kwa mfano wa watoto wa Ethiopia.
2. Kwa nini walimu waliozitaja rangi za fulana waliwadhuru watoto, na hali hawakumsifu wala kumlaumu yeyote?
3. Taja majina matatu unayoyasikia kijijini yanayowashusha watu wa kabila au dini nyingine. Ungemjibu vipi mtoto anayeyatumia?
4. Ni kazi gani hapa Mosocho ambayo watoto wa makabila na dini mbalimbali waweza kuifanya pamoja mwezi huu?

Tunaomba kila mzazi asikae na karatasi hii peke yake. Ampe jirani, na kama jirani hajui kusoma, amsomee. Na jirani huyo akiwa si wa kabila letu wala si wa dini yetu, basi hapo ndipo karatasi itakapokuwa imefika mahali pake.

Wallahu a'lam.